Siku Kitanda Changu Kilipotolewa Uani

Aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu ilionwa na watu wengi mno, kuificha ni kazi bure, heri niisimulie mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa vitu na wezi nao wamejaa, mume wangu Masanja akanunua baiskeli mpya, basi mimi kwa akili zangu za darasa la pili nikaamua iwe inalala chumbani kwetu, hapa Pasiansi, imefungwa mnyororo na kufuli kwenye mguu wa kitanda cha chuma. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Siku wakwe wanakuja kutoka Magu kumposa binti yetu Kabula, asubuhi nikaenda ziwani kufua, na kanga ileile nikaifua. Narudi, pindo tupu.

"Mama Kabula, lete ufunguo," anasema Masanja, keshavaa shati jeupe. "Nikawapokee wageni Buzuruga."

"Wanao samaki."

Akanitazama. "Wanao nani?"

"Nenda kwa miguu, baba."

"Na mizigo ya wakwe niibebe kichwani?"

Akaitwa fundi Magesa na msumeno wake wa chuma, akachungulia chumbani, akasema humu giza, nitakata mtu kidole, toeni nje. Tukakitoa kitanda (na godoro lake, na mto wangu wa foronya niliyotarizi mwenyewe), baiskeli inaning'inia ubavuni kama mbuzi aliyechinjwa, mpaka uani.

Magesa anakata, majirani wamejaa, kumbe wageni wamechoka kungoja stendi ya Buzuruga, wamekuja kwa kuulizauliza. Mbele yupo Shija, mchumba mwenyewe. Sasa kwetu Wasukuma, mkwe wa kiume hata mlango wa chumba cha mama mkwe haukodolei macho, na huyu kakutana na kitanda kizima, juani. Akafunika uso, akageuka, akashika njia aliyojia.

"Mama, umeniulia ndoa," Kabula analia dirishani. Mimi nimejifunika kanga gubigubi, natamani ardhi inimeze.

Aliyetuokoa ni Nyanzobe, shangazi yake Shija. Alivua kitenge chake, akakitandaza juu ya kitanda, kisha akamwita: "Shija, rudi hapa. Kama baiskeli wameilinda hivi, binti je?"

Watu walicheka mpaka Magesa akaangusha msumeno. Shija akarudi, lakini kinyumenyume, hatua kwa hatua, hadi sebuleni, na posa ikapokewa.

Tangu siku hiyo chumbani kwangu hakijaingia tena kitu chenye magurudumu, wala hakitaingia. Kabula ana watoto wanne sasa. Mume wake akija, husimama nje akitazama ukuta, "Shikamoo, mama," nami namwitikia marahaba nikiwa nyuma ya mlango, na tunapendana hivyohivyo.