Kiuno cha Nahodha

Fundi wa mavazi wa ile tamthilia ya anga za mbali alikuwa na dhambi moja tu, ila aliitenda kwa bidii miaka kumi na tisa. Kila msimu ulipoanza, nahodha wa chombo alikuja kupimwa kiuno, naye fundi, huku tepu imekaza hadi inataka kukatika, alitangaza: "Thelathini na nne, kaka. Hujaongezeka hata kidogo." Nahodha akishatoka, fundi alifunga mlango, akafumua suti ya fedha ubavuni na kuongeza kipande. Hakuwa na ubaya. Alipenda tu kumwona mtu mzima akiondoka kwake anapiga mluzi.

Sasa wakubwa wakaamua nahodha achezwe na mtu mwingine. Walishampata kijana mwembamba kama ufito; watazamaji watazoea. Mzee alipoambiwa kwamba tumbo linamtangulia, alipiga meza. "Muulizeni fundi! Kiuno changu ni kilekile!"

Mkurugenzi akasema haya, kesho asubuhi atapimwa mbele ya wote. Na kama kuna aliyekuwa akidanganya vipimo, naye afungashe virago.

Asubuhi nahodha aliwahi, ananukia manukato. "Leo tunawaumbua, dada."

Fundi alifunga mlango. Aliigeuza suti nje ndani, akaitandaza mezani. Ubavuni kulikuwa na viraka vimepangana, vya zamani vimefifia, vipya vinameremeta.

"Nini hiki?"

"Ni wewe, kaka. Hapa ndipo ulipooa. Hapa uliacha sigara. Hiki kirefu, ulivunjika mguu."

Nahodha alivigusa kimoja kimoja. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi." Machozi yakamtoka fundi. Alijiona mjinga, tena mjinga mwenye kazi ya kupoteza. "Nimekuvisha kilemba cha ukoka, na leo nimekuponza."

Mlango ukafunguliwa, wakubwa wakaingia na daftari. Kabla fundi hajainuka, nahodha aliichukua tepu akajipima mwenyewe.

"Arobaini na sita," alisema. "Mpeni kijana suti. Na fundi msimguse, hana kosa. Mimi ndiye niliyekuwa navuta tumbo ndani kila akinipima."

Mkurugenzi aliandika. Fundi aliinamia cherehani asionekane uso. Katika miaka yote hiyo, kaka yule hakuwahi kuvuta tumbo hata siku moja.