Funguo Mfukoni mwa Baba Mdogo

Nilipokuwa nasoma chuo Rongo, niliishi kwa baba mdogo, mtu aliyeogopa wezi kuliko alivyomwogopa Mungu. Kila dirisha la nyumba yake lilikuwa na grili nzito. Mlango wa jikoni, uliotokea nyuma, aliufunga kwa nje kwa kufuli hata mchana, na funguo zilikaa mfukoni mwake. Mkewe akitaka kumwaga maji machafu, ilibidi apite na beseni sebuleni, wageni wakimtazama.

Ukutani sebuleni alitundika mtungi mwekundu wa kuzimia moto, kwa sababu aliona kama huo nyumbani kwa mkubwa wake wa kazi. Uling'arishwa kila wiki. Siku moja nilimuuliza unatumiwaje.

"Huo si wa kuchezea," alinijibu. "Ukiguswaguswa unaharibika."

Nikajua hajui.

Jumamosi moja, mama mdogo alikuwa akikaanga samaki wa mchana, mafuta yakashika moto kwenye karai. Hakupapatika. Alizima gesi, akaniambia nimpe mfuniko wa sufuria kubwa. Nilikuwa nimeshaushika baba mdogo alipoingia mbio na jagi la maji.

"Usimwage!" mama mdogo alipiga kelele.

Akamwaga. Moto uliruka hadi darini, mafuta yakamchoma mama mdogo mkono wa kulia, na pazia la mlango wa sebuleni likawaka. Baba mdogo alikuwa ameshapita mlango huo, akatuacha.

Tukabaki na moto mbele, kufuli nyuma, chuma dirishani. Moshi ulitujaa kooni. Kupitia grili nilimwona akitoka nje amekumbatia televisheni; mtungi mwekundu aliuacha ukutani. Aliilaza kwenye nyasi polepole, kama mtoto mchanga, kisha akaipangusa kwa mkono wa shati.

"Funguo!" mama mdogo alilia. "Tufungulie!"

"Ngojeni kwanza!" alisema, akijipapasa mifuko.

Tungoje nini? Mama mdogo akapiga nduru. Jirani yetu, mjane aliyekuwa akianua nguo, aliruka ua, akampokonya funguo na kutufungulia. Sisi wanawake watatu ndio tulioziba karai na kulipiga pazia kwa blanketi mbichi mpaka moto ukafa. Baba mdogo alisimama karibu na televisheni yake akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia.

Kesho yake kanisani alisimama kutoa ushuhuda. "Mungu alinipa akili ya kutenda haraka," alisema, "nikaiokoa familia yangu." Watu wakapiga makofi. Mama mdogo aliketi kando yangu, mkono umefungwa bendeji, akitazama sakafu.

Jumatatu mama mdogo aliita fundi wa kuchomelea. Kufuli ikang'olewa, pakawekwa komeo la ndani, na grili ya jikoni ikakatwa ili ifunguke kama mlango. Jioni mumewe alifoka, "Nani amekupa ruhusa?"

"Mimi ndiye ninayepika humu," alijibu, akaendelea kusonga ugali kwa mkono wa kushoto.

Siku hizi naishi Homa Bay, na mara moja moja baba mdogo hunitembelea. Namwamkia, nampa kiti, namtilia chai. Akianza kuwasimulia wanangu jinsi alivyopambana na moto, nawatuma nje wakacheze.