Sitoki Kwenye Mstari

Nakumbuka siku moja ya baridi, mwanangu, baridi ile ya kwetu Mbulu ambayo unaongea huku meno yanagongana. Nilikuwa bibi harusi, hata kanga za sherehe hazijapauka. Nilikuwa nimeolewa Dongobesh na kijana anaitwa Safari, na asubuhi hiyo mama yake alinigongea mlango jua halijachomoza. "Chukua jembe," akasema, "leo tunalima kwa jirani." Nikajiambia moyoni, aa, kazi ndogo hii. Mimi binti mbichi, na huyu mama amepita sitini. Atachoka mapema, nami nitapumzika kwa kisingizio chake.

Thubutu!

Ngoja kwanza nikueleze tunavyolima, maana siku hizi wengine mmezaliwa mkakuta trekta. Kwetu milima imesimama, trekta likipanda linarudi lenyewe. Kwa hiyo nyumba za kilima kimoja zinalimiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kilima chote kiishe. Tunasimama mstari mmoja kukata mteremko, tunalima tukipanda. Anayesimama mwisho upande wa kulia ndiye anayeshika mwendo. Akienda mnaenda, akipumua mnapumua. Mkimaliza, mwenye shamba anatoa makande na togwa, watu wanakaa chini, wanakula, wanataniana, wanapeana habari za kilima kizima. Na chungu kile ni cha waliolima. Huwezi kutoka kwako na mikono misafi ukaja kuketi pale, hata uwe nani.

Sasa niulize, aliyeshika mwendo siku hiyo alikuwa nani? Mama mkwe wangu! Mvi zimejaa kichwani, wajukuu wanamwita bibi, na jembe linaingia ardhini kama linajua njia. Mimi nilijitahidi, nikajitahidi, mwisho mstari mzima ukaniacha nyuma. Akarudi mwenyewe mpaka nilipo, akanitazama.

"Wewe binti, una miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Mbona umezeeka namna hii?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaangusha majembe. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hakuniacha. Alinishika kiuno akanikunja, akaniambia, "Acha kulima kwa mgongo, lima kwa kiuno. Na usilipige jembe kwa hasira, udongo haujakukosea." Hilo lilikuwa somo langu la kwanza kwake, na mpaka leo kiuno changu kinamshukuru.

Mwanangu, nikuambie alivyokuwa yule mama. Asubuhi anaoga maji ya baridi, anasugua meno kwa mti mpaka yang'ae, kisha anachukua samli kidogo kiganjani, anaipaka uso, shingo, mikono na miguu. Samli hiyo aliletewa na rafiki yake, mama mmoja wa Kibarbaig kutoka Balangdalalu, ambaye kila siku ya mnada alipanda na vibuyu vyake, wakabadilishana samli kwa mahindi. Halafu anafunga kitambaa chekundu kichwani, cha kuonekana mbali. Kuna mwanamke mmoja jirani alimsema mbele za watu: "Mama mzima unajipaka, unajipamba, unamtafuta nani?" Mama mkwe akamjibu bila hata kusimama, "Namtafuta mama yako, nikamwogeshe." Tangu siku hiyo yule mwanamke akiona kitambaa chekundu kinakuja, alibadilisha njia.

Basi tukaishi hivyo, raha mustarehe, mpaka maneno ya watu yalipomwingia mume wangu. Safari alikuwa mtu mwema, usimfikirie vibaya. Lakini vijana wenzake walimshika kwenye pombe, Jumapili moja baada ya misa. "Wewe kijana gani? Umeoa, una nguvu, na mama yako bado anakatika na jembe mlimani. Huoni aibu?" Maneno yakamkaa. Hakumuuliza mama yake, wala hakuniuliza mimi. Akaenda moja kwa moja kwa mzee Tluway, kiongozi wa mstari wetu, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo jembe la nyumba yetu ni la mke wake, mama sasa anapumzika. Mzee akakubali. Mtoto anapoomba mama yake apumzike, nani atakataa?

Akanunua kiti Mbulu mjini, kiti kizuri cha kuegemea, akakiweka mlangoni pale jua linapopiga. "Mama, kaa hapa. Umefanya kazi ya kutosha. Sasa ni zamu yetu." Majirani wakamsifu sana. Kanisani wakamtaja kama mfano. Mama mkwe alikitazama kile kiti, akamtazama mwanawe, akaketi. Unajua mama akiulinda moyo wa mtoto wake, wakati mwingine anameza hata kinachomchoma.

Sasa angalia kosa lenyewe, maana ni kosa la kwetu na linafanyika mpaka leo. Safari alidhani amemwondolea mama yake jembe. Hakukumbuka chungu. Ukitolewa kwenye mstari, huketi tena na watu. Huambiwi nani amejifungua, ng'ombe wa nani amepotea, nani kagombana na nani. Hutaniwi wala hutanii. Watu wanakupita wakienda shambani, wanakuamkia "shikamoo mama" kwa heshima zote, unaitikia "marahaba", wanakwenda zao. Mchana kutwa unabaki wewe na kuku.

Nilimwona akizeeka mbele ya macho yangu, na nilikuwa naumia. Kwanza aliacha samli. Nikamuuliza, "Mama, mbona leo hujajipaka?" Akasema, "Nijipake nikaonwe na kuku?" Halafu akaacha kitambaa chekundu. Halafu miguu ikaanza kuvimba kwa kukaa, mgongo ule uliokuwa umenyooka ukapinda, na akaanza kuniuliza leo ni siku gani. Tulipokuwa tunakula hakumaliza hata nusu ya sahani, na mwili haujengwi kwa matofali. Safari akiona hivyo, anasema, "Unaona? Nilijua amechoka. Bora nilimpumzisha." Nilikuwa natamani kumpiga na mwiko. Mimi mke mgeni, ningesema nini? Nilijua tu kwamba mambo yakiendelea hivyo, msimu wa mavuno hautamkuta.

Ndipo yule rafiki yake wa Balangdalalu akafika. Alikuwa amekosa minada kadhaa kwa sababu ya ndama wagonjwa. Akaingia uani na kibuyu chake, akamwona mwenzake kwenye kiti, akasimama.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

"Hakuna," nikamjibu.

"Kama hakuna, mbona huyu amekaa msiba?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akaweka kibuyu chini, akamgeukia mama mkwe kwa Kiswahili chake cha kuokoteza mnadani. "Wewe, sikia. Kwetu ng'ombe mzee akilala chini, hatusemi amechoka, mwache. Tunamshika, mmoja pembe, mmoja mkia, tunamwinua. Akizoea kulala, huyo amekwisha. Simama!" Akamshika mikono yote miwili akamvuta. Mama mkwe akalalamika, magoti yakalia, akasimama. Akatembezwa ua mzima kama anayefundishwa kutembea, huku yule mama akimgombeza kwa lugha yake, maneno ambayo nashukuru sikuyaelewa. Kisha akamkalisha chini kwenye ngozi, si kwenye kiti, akampaka samli mwenyewe, uso mpaka nyayo. Mama mkwe akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtoto. Na mimi nikalia nikiwa jikoni.

Kesho yake zamu ilikuwa ya kulima kwa mzee Tluway. Watu tumeshajipanga, mimi nimesimama pale pembeni kulia, mahali pake, kwa sababu ndiko nyumba yetu ilikosimama siku zote. Mara naona kitambaa chekundu kinapanda polepole kutoka bondeni. Anapumzika, anapanda, anapumzika, anapanda. Jembe liko begani. Akafika kwangu.

"Sogea," akasema.

Nikasogea, wala sikungoja kuambiwa mara ya pili.

Mzee Tluway akakuna kichwa. "Mama Safari, mimi nilimpa mwanao neno langu. Tulishakutoa kwenye mstari." Mwanangu, hapo ilibaki kidogo tu mambo yaharibike. Kama yule mzee angesema rudi nyumbani, angerudi, maana neno la kiongozi halivunjwi shambani. Na akirudi siku hiyo, asingesimama tena. Sote tulijua.

Wakati huohuo Safari akatokea mbio, shati halijafungwa vifungo. Alikuwa amekuta kiti kitupu. "Mama! Unaniaibisha! Watu watasema nimeshindwa kukutunza!"

Yule mama akageuka. Sitasahau alivyomtazama.

"Safari, ni mimi niliyekuzaa, wewe hukunizaa. Nikichoka nitasema mwenyewe, mdomo ninao. Ulinipa kiti nikakaa kwa sababu nakupenda. Sasa nimekaa, nimeona kilichoko kwenye kiti: ni kaburi lenye miguu minne. Mimi kufa sikatai, hakuna aliyekataa akafaulu. Lakini mtanikuta nimesimama. Tluway, lima au nipishe."

Akainama. Kwa kiuno, si kwa mgongo. Jembe la kwanza likaingia kidogo tu, mikono ilikuwa imelegea. La pili likaingia vizuri. Mimi nikamfuata. Mwanamke wa tatu akafuata. Nikasikia mzee Tluway anacheka kwa pua, anasema, "Haya, mwenye mwendo amerudi," na mstari mzima ukaanza kupanda.

Safari alibaki amesimama ukingoni. Na kwetu kusimama ukingoni watu wanalima, huku mikono mitupu, ni tusi. Yule jirani aliyewahi kuambiwa habari za mama yake kuogeshwa, ndiye huyohuyo akampigia kelele: "We Safari, umekuja kukagua? Chukua jembe!" Akachukua. Akaingia kati yangu na mama yake. Nakwambia mama alikwenda taratibu siku hiyo, alipumzika mara nyingi, na bado mtoto wake mwenye nguvu zake alitoka jasho mpaka kwenye nyusi. Chungu kilipoletwa, mama mkwe aliketi katikati ya watu, akauliza habari zote zilizompita, moja baada ya nyingine, akala makande, akaomba tena. Safari alimtazama akila. Aliniambia tulipokuwa tunarudi, "Mama yangu nilikuwa namzika."

Alilima misimu mingi baada ya hapo. Mwendo aliuachia mwenyewe alipoona inafaa, akahamia katikati ya mstari, baadaye akawa anapanda mbegu nyuma yetu, baadaye anakaa chini ya kivuli anakoroga togwa na kututukana tukizembea. Lakini kila hatua alichagua yeye. Na samli hakuacha mpaka siku ya mwisho.

Mwanangu, sasa mimi nimeshampita umri aliokuwa nao siku ile. Watoto wangu wananipigia simu kutoka mjini: mama acha shamba, mama pumzika, mama tutakutafutia msichana wa kazi. Namkubali msichana wa kazi, aje, tutalima naye. Wajukuu nao wananiletea makopo ya kuondoa makunyanzi, ya kung'arisha uso. Nawaambia rangi yangu Mungu hakuikosea, na haya makunyanzi nimeyafanyia kazi. Ngozi ipakeni mafuta mema, oshani meno, vaeni nguo inayowapendeza ninyi, hata iwe nyekundu, hata mkiwa na miaka themanini, na anayeuliza mnamtafuta nani mjibuni mnavyoweza. Watu husema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Sawa, moshi uende. Kwani nani kasema moto umezimika? Ng'ombe hazeeki maini, hilo hata Wabarbaig watakuthibitishia.

Lakini nisikilize vizuri, maana hili ndilo nililokuitia. Uso mzuri bila watu wa kuuona unakauka haraka. Usikubali, kwa upendo wowote ule, kutolewa mahali unapofanya kazi na watu na kula na watu. Punguza mwendo, badilisha nafasi, pumzika ukichoka, wala usione haya. Ila amua wewe. Na wewe uliye kijana, mwenye mama au baba nyumbani, kabla hujampa kiti muulize kwanza anataka kukaa wapi na nani. Kama anataka jembe, mnolee.

Mimi kesho tunalima kwa jirani. Kuna wanaosema mwaka huu nisiende. Waje basi pale pembeni kulia wanitoe, tuone.

Mungu akuzeeshe, mwanangu. Akuzeeshe kwelikweli, mpaka nywele ziwe nyeupe kama chumvi ya ziwa Balangida na bado ucheke kwa sauti. Akupe magoti yanayokunjuka, tumbo linalotamani chakula, na ngozi inayopokea mafuta. Na siku ambayo hutatokea, akupe watu watakaotua majembe chini waulize, yuko wapi, mbona hatuanzi?