Mwalimu Aliponipa Rejista

Usiku ule nililala fofofo, na hilo ndilo linaloniaibisha. Mimi ni mwenyekiti wa nyumba kumi mtaani kwetu, cheo kisicho na mshahara wala kiti. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na jioni ile vijana fulani walinijia. "Mwenyekiti, tuandikie tu nani hapa si wa kwetu." Nikawaambia asubuhi watapata. Kuandika majina nako ni kazi? Nikala maharage yangu, nikakoroma.

Mara niko darasani, kidato cha pili, pale shule iliponishinda. Magoti hayaingii chini ya dawati. Mbele amesimama Mwalimu Barasa wa historia, ambaye jeneza lake nililibeba kwa bega hili. Anafundisha ile vita kubwa ya Wazungu, habari za mkubwa mmoja wa polisi wa Wanazi. Bwana yule alikunywa kahawa, akatia sahihi, na polisi wake wakawatoa Wayahudi majumbani, vikongwe hadi watoto wachanga, wakawapeleka msituni kwenye mashimo, wakawapiga risasi.

"Kizito! Alizijuaje nyumba zao?"

"Alibisha hodi, Mwalimu."

Zamani darasa lingevunjika mbavu. Nageuka, na waliokaa nyuma si wanafunzi tena, ni majirani zangu. Yupo fundi viatu. Yupo Mama Neema wa nyumba ya nne, amempakata mjukuu wake. Mwalimu ananipa rejista.

"Ita."

Naita fundi viatu. "Nipo," anajibu, anatoka nje, mlango unafungwa. Naita mwingine. Nipo. Anatoka. Huko nje sisikii hata nyayo. Nataka kuacha, lakini huu mdomo wangu, ambao hata matangani haujui kunyamaza, unasoma tu. Madawati yanazidi kubaki matupu. Zamu ya Mama Neema inafika. Anapita na mtoto mgongoni, anasimama, ananitengeneza kola ya shati, halafu naye anatoka.

"Mwalimu, mimi sijamgusa mtu!"

Anafuta ubao polepole, hanitazami.

"Yule mkubwa naye alisema hivyohivyo, mwanangu. Na hakujua mlango wa mtu hata mmoja. Kuna jirani alimwonyesha."

Nikaamka jasho linanitiririka, kumeshakucha. Hata uso sikunawa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Neema, nikamkuta anawasha jiko.

"Mama, vijana wameniomba majina ya wasio wa kwetu, na lako limo. Jana nilikubali. Leo sitoi."

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Na wakikulazimisha?"

"Watanipiga, nadhani. Na mbio sina, kitambi hiki unakiona."

Hakucheka. Alisogea pembeni ya mlango. "Basi ingia. Tuwaite wote."

Vijana walipofika saa moja, walikuta nyumba zote kumi zimebanana jikoni kwake, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwaambia nani ni nani.