Udi wa Shangazi na Kioo cha Darubini

Nakumbuka asubuhi moja ya Alhamisi, mwanangu, nimesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo katika maabara moja ya huku Maryland, mguu mmoja nimeshautia ndani ya ovaroli jeupe, wa pili bado, na mama mmoja wa Kimarekani ananinusa. Usicheke. Alininusa kweli. Aliinama karibu na bega langu, akavuta pumzi, akarudi nyuma kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kabisa hiyo harufu nzuri ni ya nini.

Nikamuuliza harufu gani.

Ngoja nikueleze vizuri, maana nyinyi vijana mkianziwa katikati mnashika simu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu, nimetoka Tanga na sanduku moja na maringo ya masanduku mawili, nakaa Adelphi, humu humu Maryland, kwa shangazi yangu Bi Rukia, huyo ambaye picha yake unaiona hapo ukutani. Yeye alikuwa akipokea simu ubalozini. Mimi nilisomea nyota, au tuseme ile gesi iliyotapakaa baina ya nyota na nyota. Watu hudhani kule katikati ni patupu. Si patupu. Kuna gesi nyembamba mno, na nyota mpya zinazaliwa humo humo. Ukitaka kuijua, unatafuta nyota yenye joto kali iliyo nyuma yake, unautazama mwanga wake unaotufikia. Gesi inakuwa imeshakula baadhi ya rangi, imeacha mapengo, na kila pengo linakwambia nani amekula, kama ni haidrojeni au oksijeni au kitu kingine.

Sasa mapengo yale mazuri, yenye habari nyingi, yako kwenye mwanga wa urujuanimno. Jicho letu haliuoni, na hewa hii tunayovuta haiupitishi. Ndiyo maana ikabidi darubini ipelekwe juu kabisa, nje ya hewa, ikafanye kazi huko peke yake. Ikishapanda, hakuna fundi wa kuifuata.

Darubini yetu ilikuwa inakamilishwa wakati ule, na kioo chake kilikuwa kinadeka kuliko bibi harusi. Kilipakwa alumini, na juu ya alumini utando mwembamba wa chumvi, na adui yake mkubwa ni mafuta. Sisemi mafuta ya kumwagika. Nasema ule mvuke tu unaotoka kwenye nguo yenye manukato au nywele zilizopakwa kitu. Ukitua kwenye kioo huuoni, ukikigusa huuhisi, lakini ule mwanga wa urujuanimno unamezwa hapo hapo. Kwa hiyo ukiingia chumba cha kioo unavaa ovaroli, kofia ya kufunika mpaka shingo, barakoa, glovu, na kabla ya hayo yote kuna masharti. Manukato hapana. Poda hapana. Mafuta ya mwili hapana.

Nikayashika yote. Nikapauka viwiko na magoti mpaka Shangazi akaniuliza, binti wa Kitanga mzima, mbona nimekuwa kama mtoto asiye na mama. Nikamwambia ni baridi. Likaishia hapo.

Basi turudi kwa yule mama. Jina lake Marian, mtu mzima, ndiye aliyesimamia usafi wa kioo, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia kukikagua kwa taa. Aliponiuliza ile harufu nikajinusa mkono, nikajinusa sweta, nikauvuta mtandio mpaka puani. Sikusikia kitu. Halafu nikakumbuka nani aliyenifulia ule mtandio na kunitundikia kabatini. Ilikuwa harufu ya udi. Mtu aliyezaliwa ndani ya udi, akalelewa ndani ya udi, hausikii tena. Nilikuwa nanukia kama mlango wa nyumba ya harusi, nami nadhani sinuki kitu.

Na hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba jana yake Marian hakuwapo, kioo kilikuwa wazi, na mimi niliingia na mtandio huo huo.

Ningeweza kunyamaza, na nakwambia ukweli, ulimi ulisita. Lakini nikiangalia dirisha la kile chumba naiona pembe ya kioo, kinang'aa vile, wala hakina hatia yoyote.

"Jana niliingia," nikamwambia. "Na mtandio huu huu nilikuwa nimeuvaa."

Laiti angenifokea. Hakunifokea. Aliniuliza udi unatengenezwa na nini, nikawa namtajia, vijiti vya mti, sukari, manukato ya mafuta, na kila nikitaja kimoja namwona uso unabadilika. Akaagiza kioo kifunikwe na kazi isimame. Pembeni ya kioo kikubwa kulikuwa na vioo vidogo vilivyowekwa makusudi, ili chochote kitakachotua kwenye kile kikubwa kitue na kwenye hivyo. Akachukua kimoja kipelekwe kupimwa. Jibu Jumatatu. Mpaka Jumatatu nisiingie, nibaki nyumbani.

Mwanangu, unaelewa nilichokuwa nimekibeba? Kulikuwa na watu mle waliokuwa wameanza kuisubiri darubini ile mimi niko shule ya msingi. Lori la kuipeleka Florida, inakorushiwa, lilishapangiwa siku. Kama kioo kimeharibika, ama wakitoe wakipake upya na safari ife, ama iruke hivyo hivyo, nusu kipofu, na huko juu hakuna wa kukisafisha. Na mimi nani angenibakiza? Nilijiona nimesharudi Tanga, naulizwa imekuwaje, na nashindwa kujibu kwamba nimerudishwa na udi.

Nikapanda basi la University Boulevard, nikasimama njia nzima japo viti vilikuwapo, naogopa kumkaribia mtu. Nikafika, nikafungua kabati la nguo. Chini kabisa, nyuma ya viatu, kimekaa chetezo, na majivu ndani yake. Nguo zangu zote zimening'inia juu yake. Nikatoka ukumbini, nikainua macho. King'ora cha moshi kilichoko darini kimevalishwa kofia ya plastiki ya kuogea. Ile kofia nilikuwa naiona tangu nihamie, na siku zote nilidhani ni kukinga vumbi, kumbe ni kisilie kwa moshi wa udi. Na usomi wangu wote.

Shangazi alirudi kazini akanikuta nasokomeza nguo kwenye mifuko ya taka, natokwa machozi. Akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ila yeye ameniharibia kazi. Akauliza ameiharibu vipi.

Nikamjibu, "Hutaelewa, Shangazi. Ni mambo ya kitaalamu."

Akavua viatu. Akaweka mkoba mezani polepole, akavuta kiti akakaa.

"Mwaka wa pili huu unakula kwangu," akasema. "Kila jioni nakuuliza umeshindaje, unaniambia salama. Nakuuliza unafanya nini huko, unaniambia nasoma. Nimekuuliza mbona umepauka, umeniambia baridi. Ningejulia wapi, Mwanaidi? Nafukiza nguo zako kila nikishasali, nakuombea dua juu yake, watu wakupokee vizuri huko uendako. Ndicho nilichokuwa nacho. Ungenambia kuna kitu hakitaki moshi, ningeuzima moshi."

Nilimwomba radhi, akanikatiza, akasema radhi baadaye, kwanza nikae nimweleze. Nikakaa. Nikaanza kwa uvivu, kama mtu anayemlisha mgonjwa, nikidhani atachoka. Hakuchoka. Aliniuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Kioo kinaogopa moshi wa samaki wa kukaanga pia? Kinaogopa. Na sabuni ya kufulia? Nayo, kama ina harufu. Na hiyo gesi, kama ni nyembamba hivyo, mnajuaje kama ipo?

Hilo lilinishinda siku ile, nikamjibu Jumamosi asubuhi. Jua lilikuwa linaingia jikoni upande mmoja, birika la chai linachemka. Nikamwonyesha ule mvuke. Upande wa kivuli huuoni kabisa, lakini ukipita mbele ya dirisha mwanga unauumbua. Nikamwambia nyota ndiyo dirisha letu. Akalitazama birika, akasema kumbe kazi yangu yote ni moshi, na yeye mwenye moshi ndiye ninayemficha. Tukacheka, mimi nusu nalia.

Lakini kicheko hakikudumu. Mchana ule akabisha hodi jirani yetu Njeri, nesi kutoka Nyeri. "Leo hamjachoma ile kitu yenu inanukia vizuri," akasema. "Nikaona nikuje niangalie kama mko sawa. Hiyo harufu hufika mpaka kwa lifti." Alikuwa na nia njema kabisa. Mimi nikasikia neno moja tu, lifti. Kama inafika kwenye lifti, imeshindwaje kufika kwenye kioo? Sikula tena siku ile. Jumapili niliosha kuta za chumba changu kwa maji matupu, na Shangazi akashika kitambaa cha pili bila kuniuliza naosha nini.

Jumatatu Marian akaniita. Alikuwa na karatasi mkononi, nami namtazama uso tu. Akaniambia kioo kidogo kimepungua nguvu ya kuakisi mwanga, kidogo sana, bado kiko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Darubini itaenda. Nikamuuliza kama huo upungufu ni wa udi wangu. Akasema huenda, na huenda ni glovu mpya, na huenda ni hewa ya chumba. Akasema hatutajua. Akanipa ovaroli lililofuliwa hapo hapo maabara, akaniambia nikavae, kazi imelala siku nyingi.

Ile "hatutajua" nimekaa nayo mpaka leo. Darubini iliruka, ikafanya kazi, mapengo ya kwanza ya gesi nikayaona kwenye kompyuta nikashika mdomo. Lakini kila nilipopata nyota hafifu, ambayo mwanga wake haukutosha kusema lolote, niliupima upya mara mbili. Nilijiuliza kama ni nyota, au ni mimi.

Na sasa nikwambie kinachonikaa moyoni zaidi ya hicho. Tangu ile Alhamisi Shangazi hakuwasha udi. Mwezi mtukufu ukapita, Idi ikapita, wageni wanakuja wanauliza kulikoni, anawajibu kuna kioo hakitaki. Kofia aliitoa kwenye king'ora. Jioni ile darubini iliporuka nilimpigia simu kutoka kwenye mkusanyiko, watu wanakumbatiana nyuma yangu, hata sauti yake siisikii vizuri.

"Kimeshapanda?" akaniuliza.

Nikamwambia kimeshapanda.

"Hakitusikii tena huku chini?"

Nikamwambia hakitusikii, Shangazi. Washa.

Nilipofika nyumbani nilikutana na ile harufu tangu kwenye lifti. Na safari hii niliisikia.

Mwanangu, juzi nimekuuliza utafanya nini huko Sterling, kwenye hayo majumba ya kompyuta walikokuajiri. Ukanijibu kwa Kiingereza kwamba ni vigumu kueleza, Aunty, ukarudi kwenye simu yako. Sikukasirika. Nilijisikia mimi mwenyewe nazungumza. Ila naogopa, na woga wangu nakwambia wazi. Mtu anayekupenda hawezi kukaa mikono mitupu. Atakupa tu alichonacho, na kama hujamwambia unaingia wapi na huko hakutakiwi nini, atakupa kile kile kitakachokuumiza, tena kwa mapenzi na dua juu yake. Usimfiche kazi yako kwa kudhani hataelewa. Eleza vibaya, eleza kwa vipande, eleza na birika la chai ukitaka. Asipoelewa yote ataelewa pa kusimama. Na lile ulilokosea kazini liseme siku ile ile, kioo kikiwa bado chini na mkono unakifikia.

Mola akutangulie katika kazi hiyo mpya, akupe wakubwa wasiofoka na watu wa nyumbani wanaouliza, na akupe moyo wa kuwajibu.

Kesho ndiyo siku yako ya kwanza. Nguo zako nimeshazitundika kabatini, chetezo cha Bi Rukia hiki hapa, na mkaa umeshashika. Udi bado nimeushika mkononi. Haya, weka simu, kaa. Niambie huko uendako kuna nini.