Sauti ya Jairo

Katika yadi za malori za Mpemba, nje ya mji wa mpakani wa Tunduma, dereva akitaka jina la mwanawe au neno la shukrani mlangoni mwa gari lake, alielekezwa kwa Jairo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika herufi kwa brashi, bila rula, na mstari haukupinda. Watu walisema mkono wake ni wa ajabu. Yeye alijua ni macho.

Macho hayo yakaanza kumsaliti. Asubuhi aliamka yakiwa makavu, kama mtu kayamwagia mchanga. Mchana, upepo ukipuliza vumbi la barabara kuu, yaliwaka hadi akaacha brashi. Kliniki walimwambia machozi yake hayatoshi kuyalainisha, wakampa matone ya kutia mara nne kwa siku, na miwani ya kukinga upepo.

Ndipo Yesaya akaja. Yesaya na Jairo walikulia pamoja kijijini Iyula, wakachuma kahawa kwenye mashamba ya jirani, wakashuka Tunduma kwa pamoja na kulala chumba kimoja hadi kila mmoja alipooa. Mtoto wa kwanza wa Jairo alibatizwa akiwa amebebwa na Yesaya. Sasa Yesaya alikuwa akiuza vidonge vya virutubisho, na siku hiyo alileta chupa ya vidonge vya manjano, laini, vilivyojaa mafuta ya samaki.

"Hivi vinajenga machozi kutoka ndani," alisema. "Ila matone yaache, ndugu yangu. Ukichanganya, vidonge havifanyi kazi."

"Kliniki hawakuniambia hivyo."

"Mimi nikudanganye wewe?"

Jairo akaacha matone.

Wiki ya pili mvua ilinyesha siku nne mfululizo, vumbi likalala, na macho yakapata nafuu. Yesaya akatoa simu, akaanza kurekodi. "Sema tu unavyojisikia." Jairo, kwa furaha na kwa kutaka kumpa rafiki yake moyo, akasema: "Mimi Jairo, mwandishi wa malori, Mpemba. Nimetumia vidonge hivi, macho yangu yamepona."

Mvua zilipokwisha, upepo wa Julai ukarudi, na maumivu yakarudi nao, makali zaidi. Siku moja dereva kutoka Nakonde, upande wa Zambia, alitaka aandikiwe "Natotela", yaani asante kwa Kibemba. Jairo aliandika akipepesa macho, akajifuta machozi, akaandika tena. Alipomaliza, dereva alisogea mlangoni, akazisoma herufi moja moja.

"Mzee, umeruka herufi."

Ilikuwa haijawahi kumtokea. Jioni hiyohiyo alimfuata Yesaya. "Vidonge havijanisaidia. Ilikuwa mvua tu. Ile sauti yangu ifute."

"Nitaifuta leo," Yesaya akamwambia, na Jairo akaondoka ameridhika. Akarudi kwenye matone yake.

Mwezi wa Septemba mama mmoja aliingia yadini akiwa amejifunga kanga kichwani, jicho la kushoto jekundu na limevimba. Aliulizia kwa mafundi wa matairi, wakamwonyesha.

"Wewe ndiye Jairo?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naitwa Edina, nimetoka Iyula. Nimekuja unieleze, wewe ulikunywa vile vidonge kwa muda gani hadi ukapona? Mimi mwezi wa pili huu, jicho linazidi."

Akafungua simu. Jairo akasikia sauti yake mwenyewe, yenye furaha, ikisema macho yamepona. Kisha ikafuata sauti ya Yesaya: "Mmemsikia wenyewe. Huyu matone aliyatupa kabisa."

Jairo akaweka brashi chini. "Hii umetumiwa lini, mama?"

"Mwezi wa Agosti, kwenye kundi la akina mama wa kanisani. Na mimi nikatupa yangu."

Jairo alifunika kopo la rangi, akaita bajaji, akampeleka kliniki. Mganga wa macho alimulika jicho la Edina kwa muda mrefu. "Ukavu umeleta kidonda kwenye kioo cha jicho," alisema. "Mafuta ya samaki si sumu, mama. Ila kwenye utafiti, walioyameza hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na mafuta hayo. Kuyaacha matone ndiko kulikokuumiza."

Kutoka pale Jairo alikwenda moja kwa moja dukani kwa Yesaya.

"Uliniambia utaifuta."

"Jairo, si ulisema mwenyewe? Nilikulazimisha?"

"Nilisema kabla sijajua. Nikaja kukwambia. Wewe ukaipeleka hadi kwetu Iyula, kwa watu wanaonifahamu."

Yesaya akaanza kupanga chupa zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Mama yako naye analalamika macho," Jairo akasema. "Unampa vidonge hivi?"

"Mama anatumia matone," Yesaya akajibu hatimaye, bila kumtazama.

Jairo hakutukana. Alitoka akatembea hadi nyumbani kwa miguu, na mkewe Marta alipomuuliza kuna nini, alimsimulia yote huku chakula kikipoa. Kesho yake alirekodi sauti nyingine, akaeleza yote, akamwomba Edina aitume kwenye kundi lake. Wengine walimshukuru. Wengine walimuuliza Jairo ni kitu gani Yesaya alimnyima, hata amgeuke.

Jicho la Edina lilipona, likabaki na kovu dogo linalomfanya aone ukungu upande mmoja. Jairo sasa huandika asubuhi tu, kabla ya upepo, miwani usoni.

Siku ya Pasaka mchungaji aliwaambia waumini wapeane mikono. Yesaya alivuka viti viwili, akanyoosha wake mbele ya watu wote. Jairo akaupokea.

"Umemsamehe?" Marta alimuuliza njiani.

"Mkono nimempa," alisema, akaongeza mwendo.