Chura Ndani ya Birika

Baba yangu alidai anajua Kijapani kwa sababu lori lake lilikuwa la Kijapani. Alikuwa dereva wa njia ya Dodoma na Dar es Salaam, na ruksa ya kuingiza bidhaa ilipokuja, bandarini kukajaa vitu vya kila aina, alirudi safari moja na deki ya video, televisheni yenye mchubuko kwenye kioo, na mkanda wa katuni. Mmoja tu. Ulikuwa kwa Kijapani kitupu, bila hata neno la kusoma chini. Basi baba alikaa kwenye stuli pembeni ya televisheni akatutafsiria, na mimi, mwenye miaka minane, nilimwamini kila neno.

Alisema ni habari za msichana ambaye baba yake amegeuka chura. Msichana anambeba ndani ya birika, anavuka milima kwenda mahali mvua inakotunzwa, kwa kuwa tone la kwanza la mvua ndilo litakalomrudisha kuwa mtu. Njiani maji yanapungua, naye anagawa: funda moja lake, funda moja la chura. Watu wa nchi zenye maji mengi sijui waliionaje sehemu hiyo. Sisi tuliokuwa tunapanga ndoo bombani tangu alfajiri tulimwelewa kupita kiasi. Ikifika hapo, mama aliacha kuchambua mchele.

Mwaka uliofuata baba aliugua, akafariki. Mdogo wangu wa kike alikuwa bado ananyonya. Niliendelea kuutazama mkanda ule peke yangu, na ile stuli sikumruhusu mtu kuikalia.

Miaka mitatu ikapita, mama akaposwa na bwana mifugo kutoka Mpwapwa, mtu mpole mwenye baiskeli na mfuko wa chanjo. Nilimchukia kwa bidii. Siku ya ndoa nilikaa na katuni yangu mpaka mama mdogo akaja kuniambia nizime, wageni wamefika. Nikausimamisha mkanda pale tone la kwanza linapoanguka na kifuniko cha birika kinapoanza kutikisika. Haikupita saa, mpiga picha wa video akaishiwa mkanda. Mama mdogo, katika kuokoa shughuli, akauchomoa wangu kwenye deki akampa.

Siku chache baadaye ulirudishwa, nikauweka. Kifuniko kikatikisika, kikatikisika tena, halafu vigelegele, na katikati ya kioo akatokea bwana mifugo na kanzu nyeupe, kofia imekaa upande, anatabasamu. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Mama mdogo aliomba radhi, akaahidi kuutafuta mwingine Kariakoo. Angeuulizia kwa jina gani, wakati jina lenyewe lilikuwa kwa maandishi ya Kijapani?

Mdogo wangu yeye alipiga makofi. Alikuwa na miaka minne, sura ya baba hakuwa nayo kichwani. Kwake katuni haikukatika popote: chura amerudi kuwa mtu, ndiye huyu, na anakaa kwetu. Akaanza kumwita baba. Kila nilipotaka kumsahihisha nilimtazama usoni nikaghairi, na hasira zote zikahamia kwa yule mtu mzima. "Shikamoo, Bwana Mifugo," nilimwambia kila siku bila kuinua macho, kama mteja aliyemletea ng'ombe kutoka mnada wa Msalato. Akiingia sebuleni naweka miguu juu ya stuli. Naye alikaa juu ya dumu la maji karibu na mlango.

Jumapili moja alasiri tulikuwa tunatazama wote, mdogo wangu yuko magotini pa Bwana Mifugo. Ilipofika pale pa kanzu, mtoto akamgeukia akamshika mashavu.

"Baba, ulipokuwa chura, mle ndani kulikuwa na giza?"

Mkono wa mama ulisimama kwenye ungo. Mimi nilimkazia macho yule bwana. Nilitaka adanganye, ili nipate haki ya kumchukia maisha yangu yote.

"Yule chura siyo mimi, mwanangu," alisema taratibu. "Yule ni baba yenu aliyeileta deki hii. Mimi niliwakuta mama yako na dada yako njiani, birika limewalemea. Nikaomba niwapokee."

"Sasa yeye atarudi lini?"

"Harudi, mwanangu. Ila hadithi yake dada yako anayo. Alimsikia akiisimulia."

Hakuna aliyekuwa amenikabidhi kitu chochote tangu msiba. Nilirudisha mkanda mwanzo, na wakati unazunguka nikaona aibu, kisha nikaona nafuu, nikashusha miguu.

"Njoo ukae hapa," nilimwambia yule bwana, nikiisogeza stuli. "Hapa ndipo anapokaa anayetafsiri."

"Mimi Kijapani sikijui."

"Hata baba alikuwa hakijui."